Maswali ya wasomaji: Ile wilaya ya Chicago iliyompiga chini Obama

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba Obama aliwahi kukataliwa na wapiga kura wa Chicago, na barua zikamiminika mpaka nikaamua leo safu yote iwe ya hiyo wilaya. Maswali nimeyafupisha, mengine yalikuwa marefu kuliko majibu.

Shikamoo mhariri. Hivi ni kweli Obama aligombea ubunge akashindwa? Mimi nilijua yule jamaa alikuwa anashinda tu. Nani alimshinda, na kwa sababu gani?

Marahaba. Ni kweli, na wala hakushindwa kwa kura za kuhesabu. Ulikuwa mchujo wa chama cha Democratic, tarehe 21 Machi 2000, kiti cha wilaya ya kwanza ya Illinois kwenye Baraza la Wawakilishi kule Washington, wilaya ambayo moyo wake ni South Side, upande wa kusini wa Chicago wanakoishi weusi wengi. Bobby Rush aliyekuwa anakikalia kile kiti alipata kama asilimia 61, Obama 30, na seneta mwingine wa jimbo, Donne Trotter, akaambulia kama 7 hivi. Obama alikuwa na miaka 38, seneta kwenye bunge la jimbo la Illinois, anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago, na kwa akili yake aliona Rush amechoka, maana mwaka mmoja nyuma, 1999, Rush aligombea umeya dhidi ya Richard M. Daley akachapwa vibaya sana. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kama mtu amegaragazwa mji mzima basi na kwake ni dhaifu. Kumbe kwake hakuwa dhaifu hata kidogo, watu waliomnyima umeya hawakuwa wale wa wilaya yake, na Obama mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba alipofanya utafiti wa maoni aligundua Rush anajulikana na asilimia 90 ya watu na yeye asilimia 11. Hapo alikuwa ameshatangaza, hakuna kurudi nyuma.

Alafu mambo yakaja kwa mfululizo. Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush alipigwa risasi barabarani, akafariki siku chache baadae, na wilaya nzima ikaomboleza naye, sasa we mpinzani utasimama wapi kumsema mtu aliyetoka kuzika? Desemba ikaja kura ya sheria ya bunduki kwenye seneti ya jimbo, Obama alikuwa Hawaii kwa bibi yake, binti yake, bado mtoto mdogo, akaugua, hakurudi kupiga kura, ule mswada ukakwama kwa kura chache na magazeti yakamkaanga. Na juu ya hayo Rais Bill Clinton akarekodi tangazo la redio la kumuunga mkono Rush. Ukishafika hapo unahesabu tu siku.

Ila mi naona hizo zote ni ajali za njiani, sababu yenyewe iko chini zaidi. Rush alikuwa mmoja wa walioanzisha tawi la Illinois la Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, mwaka 1968. Polisi walipovamia nyumba alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969 na kumuua kiongozi wao Fred Hampton, kijana wa miaka 21, kesho yake walivamia na kwa Rush pia, hawakumkuta. Wazee wa South Side wanayakumbuka hayo kama yametokea juzi. Sasa anakuja kijana wa Harvard, kazaliwa Hawaii, anakaa upande wa chuo kikuu, anawaambia mwakilishi wenu kazi imemshinda. Wapinzani wake hawakuhitaji kutunga uongo, walimuita tu mgeni, na ikatosha. Cha ajabu kidogo ni kwamba wazungu wa upande wa kusini magharibi ndo waliompokea vizuri kuliko weusi wenzake, na wengi wanaona hapo ndo alipojifunza kwamba soko lake ni pana kuliko wilaya moja. Miaka 4 baadae akagombea useneta wa Washington kwa jimbo zima, akapita, yaliyofuata mnayajua.

Ndugu mhariri, kwa nini kiti hicho kinasemwa ni "cha kihistoria"? Viti vya Kongresi vipo 435, hiki kina nini cha pekee?

Cha pekee ni kwamba tangu mwaka 1929 hakijawahi kukaliwa na mtu asiye mweusi. Hakuna wilaya nyingine Marekani yenye mfululizo mrefu namna hiyo. Na ili uelewe uzito wake inabidi urudi nyuma kidogo kabla ya hapo, kwa George Henry White wa North Carolina, mweusi wa mwisho wa kizazi cha baada ya utumwa kukaa Kongresi, ambaye aliondoka 1901 baada ya majimbo ya kusini kuanza kuwanyang'anya weusi kura kwa kodi za kupigia kura na mitihani ya kusoma na vitisho vya bunduki. Kuanzia hapo miaka 28 hakuna mweusi hata mmoja kwenye Kongresi nzima.

Huku nyuma watu wakawa wanahama. Wanapanda treni ya Illinois Central kutoka Mississippi na majirani zake, gazeti la Chicago Defender linawaita, viwanda vya nyama na chuma vinataka mikono kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia vilikata mkondo wa wahamiaji kutoka Ulaya. Chicago ilikuwa na weusi kama elfu 44 mwaka 1910, kufika 1930 wamekuwa kama elfu 234. Sasa hao watu wote hawakuruhusiwa kukaa popote wanapotaka. Wenye nyumba walisainishana mikataba ya kutomuuzia wala kumpangisha mweusi, na ukivuka mpaka unakula mawe, mwaka 1919 kijana mmoja alielea ziwani kuvuka mstari usioonekana kwenye ufukwe wa mtaa wa 29 akapigwa mawe akafa maji, zikazuka fujo zilizoua watu 38. Kwa hiyo wakabanwa kwenye ukanda mwembamba wa South Side, familia juu ya familia, kodi ya nyumba kubwa kuliko ya mzungu kwa chumba kibovu zaidi.

Waliofanya vile hawakupiga hesabu ya upande wa pili. Ukiwarundika watu elfu mia na zaidi sehemu moja, kwenye mji wa kaskazini ambako kura zao hazikuzuiwa, umewapa wilaya. Kwangu mimi hapo ndo historia yote ya hiki kiti ilipo, geto ndo lililozaa mbunge.

Mwaka 1928 mbunge wa pale, Martin Madden, mzungu wa Republican na mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya Kongresi, akafariki ghafla akiwa ofisini kule Washington. Viongozi wa Republican mtaani wakamsimamisha Oscar De Priest, mtoto wa waliokuwa watumwa kule Alabama, fundi rangi aliyegeuka dalali wa nyumba, na diwani wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyechaguliwa 1915. Hakuwa malaika. Alishawahi kushtakiwa kwa rushwa akatetewa na wakili Clarence Darrow akaachiwa. Akashinda. Siku ya kuapishwa 1929 kukawa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu wabunge walikuwa wanaapishwa jimbo kwa jimbo kwa herufi, Alabama na Arkansas na Georgia wanakula kiapo kabla ya Illinois, kwa hiyo wakishakuwa wabunge kamili wanaweza kusimama wakampinga De Priest kabla hajafikiwa. Spika Nicholas Longworth akaukata huo mzizi mapema, akawaapisha wote kwa pamoja. Mnyoosho mkono mmoja, kwisha.

Miezi michache baadae mke wa De Priest akaalikwa chai Ikulu na mke wa Rais Hoover, na mabunge ya majimbo kadhaa ya kusini yakapitisha maazimio ya kulaani. Kulaani chai! Lakini kazi aliyoiacha ya maana ni ile ya 1933 alipoingiza kipengele kwenye sheria ya kambi za kazi za vijana kikikataza ubaguzi wa rangi, na kikapita, kikatumika kama mfano kwa sheria zilizofuata.

Mhariri, umesema De Priest alikuwa Republican. Mbona weusi wa Marekani leo wengi ni Democrat? Walihama lini?

Swali zuri, na hii wilaya ndo mahali pazuri pa kulijibia kwa sababu walihama mbele ya macho ya watu. Republican kilikuwa chama cha Lincoln, chama kilichovunja utumwa, na Democratic kilikuwa chama cha mabwana wa kusini. Mweusi kumpigia Democrat mwaka 1920 ilikuwa kama kumsaliti marehemu babu yake. Alafu uchumi ukaanguka 1929, ajira zikakata, na De Priest akawa anapinga misaada ya serikali kuu kwa wasio na kazi kwa sababu ndo msimamo wa chama chake, wakati watu wake wanatolewa vyombo nje kwa kukosa kodi. Rais Roosevelt wa Democratic akaja na miradi yake ya kazi.

Mwaka 1934 Arthur Mitchell akagombea kwa Democratic, na yeye mwenyewe alikuwa Republican miaka michache tu nyuma. Wala hakushinda mchujo, alishindwa na mzungu aitwaye Harry Baker, Baker akafariki kabla ya uchaguzi, chama kikamchukua Mitchell kujaza pengo. Akamwangusha De Priest. Hivo ndivyo Democratic ilivyopata mbunge wake wa kwanza mweusi katika historia yote ya Marekani, kwa bahati ya msiba. Tangu Januari 1935 mpaka leo hicho kiti hakijarudi Republican.

Mitchell alikuwa mtu wa chama kweli kweli, wengi walimuona mpole kupita kiasi, ila ana jambo moja ambalo namheshimu nalo. Mwaka 1937 alikuwa safarini kwa treni kutoka Chicago kwenda Hot Springs, ana tiketi ya daraja la kwanza, walipoingia Arkansas kondakta akamtoa kwenye behewa akamsukumia kwenye behewa la weusi lisilo na maji wala hewa. Mbunge wa Marekani huyo. Akafungua kesi, akaibeba mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1941 majaji wote wakakubaliana naye kwamba aliyelipa daraja la kwanza apewe huduma ya daraja la kwanza. Haikuvunja ubaguzi wa reli, bado ilisema "sawa lakini mbalimbali", ila ni tofali mojawapo.

Baada yake akaja William Dawson, na yeye katokea Republican, akakaa kuanzia 1943 mpaka alipofariki Novemba 1970. Huyu ndo aliyejenga kile tunachoita mashine. Unataka kazi posta, nenda kwa mtu wa Dawson, unataka taka zizolewe mtaani kwako nenda kwa mtu wa Dawson, na siku ya uchaguzi mtu wa Dawson anakugongea mlango. Mwaka 1949 akawa mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya kudumu ya Baraza la Wawakilishi, na 1951 alisimama akatoa hotuba kali dhidi ya kipengele kilichotaka wanajeshi wachague kutumikia na watu wa rangi yao tu, kipengele kikaanguka. Lakini kadiri harakati za haki za kiraia zilivyopamba moto yeye akazidi kunyamaza, meya Richard J. Daley, baba yake yule wa 1999, ndo alikuwa anaitwa bosi na Dawson hakutaka kumuudhi. Vijana wakamchoka.

Nimesoma mahali kwamba yule mkimbiaji aliyekuwa nyuma ya Jesse Owens Berlin 1936 alikuja kuwa mbunge wa hapo. Ni kweli au ni stori za mtaani?

Ni kweli, mwanangu. Ralph Metcalfe. Fedha ya mita 100 mwaka 1932 kule Los Angeles, fedha tena Berlin 1936 nyuma ya Owens, na dhahabu ya kupokezana vijiti mita 100 mara nne akiwa na Owens huyohuyo. Baadae akawa diwani wa South Side, mtu wa Daley kabisa, mtiifu, na 1970 akarithi kiti cha Dawson. Mwaka 1971 akawa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa wabunge weusi kwenye Kongresi.

Sasa 1972 polisi wakawasumbua madaktari wa meno wawili weusi, watu wa heshima, mmoja rafiki yake Metcalfe. Metcalfe akamwita meya aje ofisini kwake South Side waongee. Daley akakataa, kama mna shida njooni nyinyi. Pale pale yule mzee mtiifu akageuka. Akaanza kuita wananchi watoe ushahidi wa ukatili wa polisi, na uchaguzi wa Novemba mwaka huohuo akakataa kumuunga mkono mwendesha mashtaka wa kaunti, Edward Hanrahan, ambaye askari wa ofisi yake ndo walioongoza ule uvamizi uliomuua Fred Hampton. Wapiga kura weusi waliokuwa wanatia alama moja tu kwa chama chote wakajifunza kuchagua jina kwa jina, Hanrahan wa Democratic akaanguka mbele ya Republican, Chicago! Daley akalipa kisasi 1976 kwa kumletea Metcalfe mpinzani kwenye mchujo, Metcalfe akamgaragaza mpinzani huyo.

Alifariki Oktoba 1978 wiki chache kabla ya uchaguzi, mashine ikamweka Bennett Stewart haraka haraka bila kuuliza mtu, na wapiga kura hawakusahau hilo. Mwaka 1980 wakamtoa wakamweka Harold Washington. Na Washington hakukaa sana, Aprili 1983 akachaguliwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Kwa hiyo ile wilaya iliyokuwa ngome ya mashine ndo hiyohiyo iliyokuja kuvunja mashine, na ilichukua kama miaka 11 tangu siku Daley alipokataa kutoka ofisini kwake.

Charles Hayes, mtu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nyama, akachukua kiti 1983, na 1992 Rush akamtoa kwenye mchujo baada ya kashfa ya benki ya Kongresi, wabunge kibao walikuwa wanaandika hundi kuliko pesa iliyopo kwenye akaunti bila kutozwa chochote, na jina la Hayes likatoka siku chache kabla ya kura. Nae Rush akakaa miaka 30. Mnaomkumbuka mtajua ni yule aliyesimama kwenye ukumbi wa Kongresi Machi 2012 amevaa hudi kwa ajili ya Trayvon Martin, kijana mweusi aliyeuawa akiwa amevaa hudi, mpaka akatolewa nje, kanuni zinakataza kofia.

Na hapa niongeze kitu ambacho hakuna aliyeniuliza. Yule George Henry White niliyemtaja ndo alipeleka Kongresi mswada wa kwanza wa kufanya mauaji ya umati dhidi ya weusi kuwa kosa la serikali kuu, mwaka 1900, ukafa. De Priest akapeleka wake, ukafa. Ikapelekwa mingine karibu mia mbili kwa miaka yote hiyo, yote ikafa, mingine ikizimwa kwenye Seneti. Uliopita ni wa Bobby Rush, umepewa jina la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 wa South Side aliyeuawa Mississippi 1955 na mazishi yake yakafanyika Chicago jeneza likiwa wazi. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 422 kwa 3, na Rais Biden akasaini tarehe 29 Machi 2022. Miaka 122.

Mimi nauliza ya ramani. Nimeangalia hiyo wilaya kwenye mtandao, mbona inaanzia katikati ya jiji inaishia mashambani? Nani anaichora hivyo?

Wanasiasa wenyewe. Kila baada ya miaka 10 kuna sensa, viti 435 vinagawanywa upya kwa majimbo kulingana na watu, na kwa Illinois bunge la jimbo ndo linachora mipaka na gavana anasaini. Illinois inapoteza watu ukilinganisha na majimbo mengine, ilikuwa na viti 20 miaka ya 90, ikashuka 19, ikashuka 18, na baada ya sensa ya 2020 imebaki na 17, kila kimoja kina watu kama laki saba na nusu.

Zamani kulikuwa na mchezo tofauti, wa kutochora kabisa. Ramani ya 1901 ilitumika mpaka 1947, maana wabunge wa mashambani waliogopa kwamba wakichora upya Chicago itawameza. Ikafika mahali wilaya moja ina watu elfu 112 nyingine laki tisa na ushee, na kila moja ina kura moja Kongresi. Mwaka 1946 kesi ikaenda Mahakama ya Juu ikagonga mwamba, mpaka 1964 ndo mahakama ikasema lazima idadi iwe sawa.

Hiyo ya 1964 ndo iliyoanza kuinyoosha wilaya ya kwanza. Weusi wa Chicago walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1980 na wilaya ilikuwa na weusi zaidi ya asilimia 90. Kufika 2020 mji mzima hauna hata laki nane. Wamekwenda vitongoji vya kusini, wengine wamerudi kusini kabisa, Atlanta na kwingineko, walikotoka bibi zao. Idadi inatakiwa iwe laki saba na nusu, watu mtaani hawapo, unafanyaje? Unaupeleka mpaka nje ya jiji kufuata vichwa. Kila sensa umesogea kusini magharibi, sasa umeingia kaunti za Will na Kankakee, kuna mpaka kamji kanaitwa Manhattan kenye mahindi. Weusi leo ni karibu nusu tu.

Lakini sio idadi peke yake, kuna na ujanja, tusidanganyane. Wilaya yenye asilimia 90 ya chama chako ni upotevu, unahitaji 51 tu, zile nyingine ungezipeleka jirani zikamwangushe mpinzani. Wademokrat wa Illinois wamefanya hivyo 2021 bila aibu, wakatoka na viti 14 kati ya 17. Republican wanafanya hivyohivyo Texas na kwingine, na Mahakama ya Juu ilishasema 2019 kwamba ramani ya upendeleo wa chama sio kazi ya mahakama za serikali kuu kuizuia. Anayeumia ni mtu wa mtaa wa Chatham kule South Side anayetaka mbunge wa kumuuliza bunduki na shule, na mkulima wa Kankakee anayetaka wa kumuuliza bei ya soya, wote wamepewa mtu mmoja.

Ila usidhani kila umbo la ajabu ni hila. Wilaya ya 4 ya hapohapo Chicago kwa miaka mingi ilikuwa na umbo la vile vifuniko vya masikio vya baridi, vipande viwili vimeungwa na kamstari kembamba kandokando ya barabara kuu, kwa sababu walitaka Wapuertoriko wa kaskazini na Wameksiko wa kusini wapate kiti kimoja bila kuimega wilaya ya 7 ya weusi iliyokaa katikati yao. Ilichekwa sana, lakini ilifanya kazi.

Kwa hiyo Republican hawezi kushinda pale hata iweje?

Kwa sasa hapana, ila pengo linapungua. Rush miaka ya 2000 alikuwa anapata zaidi ya asilimia 80, miaka ya 2010 ikawa 73, 74, na mrithi wake Jonathan Jackson, mtoto wa mwanaharakati Jesse Jackson, alipita 2022 na kama 67. Hiyo ni ramani inaongea, sio kwamba South Side wamebadili chama. Ndo maana uchaguzi wenyewe pale ni mchujo, Novemba ni kukamilisha ratiba. Na mchujo una ubaya wake: 2022 walijitokeza 17 kwa Democratic, Rush akampigia debe mwanamama mmoja, Karin Norington-Reaves, akashika nafasi ya tatu, na Jackson akashinda kwa asilimia 28 hivi. Yani zaidi ya watu saba kati ya kila kumi waliopiga kura walitaka mtu mwingine, na Illinois haina duru ya pili kwenye hilo.

Mhariri, mgombea lazima awe mkazi wa wilaya yenyewe?

Hapana. Katiba ya Marekani inataka awe na miaka 25, raia kwa miaka 7, na awe mkazi wa jimbo analochaguliwa, basi. Anaweza kuishi upande wa pili wa Chicago akagombea South Side kihalali kabisa, ila ajiandae kuulizwa kanisani Jumapili ya kwanza anakaa mtaa gani.